Picha Safi, Kichwa Hakuna

Fundi viatu waliyemwita Mzee Gundi alitoa maneno kama alivyotoa misumari: mmoja mmoja, na ukipinda anaunyoosha autumie tena. Mteja akileta kiatu kilichofumuka, atakigeuza, atakikagua, atasema, "Kesho." Akiulizwa kesho saa ngapi, atajibu, "Kesho." Kwa miaka thelathini na mitano mdomo wa nyumba ile ulikuwa wa mkewe, na mkewe hakuuweka akiba. Alisema kwa niaba ya wawili, na ikibidi kwa niaba ya jirani.

Mke alifariki mwezi wa tatu. Nyumba ikanyamaza mpaka fundi akaanza kuisikia saa ya ukutani. Hakuwa anajua kama inapiga kelele.

Mwanamke yule aliwahi kuwa ndani ya sinema. Zamani, mtoto wao akiwa anatambaa, walikuja watu mtaani na kamera kutengeneza picha ya wezi wa benki. Ilikuwa picha mbovu, na wezi wenyewe usingewapa hata kuku wakulindie. Walitaka mwanamke avuke barabara wakati mkuu wa wezi anaruka ukuta. Wakamwona yeye yupo barabarani, ana beseni kiunoni, na hajaomba malipo. Wakaona anafaa. Wakamwonya jambo moja tu, asitazame kamera. Akavuka. Mwizi akaruka, akaangukia tumbo, suruali ikapasuka nyuma kutoka mkanda hadi goti. Mama akageuza uso, akaitazama kamera wima, akacheka. Sekunde nne. Wangerudia, ila suruali ya pili haikuwepo.

Tangu siku hiyo mtaa ukamwita Mama Sinema. Picha ilipotoka kwenye sidii, fundi akanunua, na kila mgeni aliyeingia nyumba ile aliionja. Si picha nzima. Mama alishika rimoti, akaruka mauaji yote na mapenzi yote, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta. "Mwizi huyo, mwizi huyo, mimi huyo." Baada ya hapo ndipo mgeni alipewa chai.

Sasa shida ilianza hivi. Asubuhi moja, miezi minne baada ya mazishi, fundi alikuwa anapaka soli gundi, akajaribu kumkumbuka mkewe akicheka. Mkewe alikuwa na mwanya kwenye meno ya juu. Haukuwa katikati, ulikaa kando kidogo. Kando ya kulia au ya kushoto? Akasimama na brashi mkononi mpaka gundi ikakauka. Haukuja. Miaka thelathini na mitano amekula akiutazama mwanya ule, na leo hajui ulikaa wapi.

Picha za ukutani hazikumsaidia. Wapiga picha wa zamani waliwaamuru watu wafunge midomo, na Mama Sinema, ambaye hakuwahi kuamrishwa na kiumbe kingine, aliwatii. Kwenye kitambulisho alitoka kama mtu aliyekamatwa.

Akamuuliza shemeji yake, mdogo wa marehemu. Shemeji akasema kulia, bila kusita. Tatizo ni kwamba shemeji hakusita katika jambo lolote, hata yale aliyokosea. Akamuuliza mwanawe.

"Mwanya gani, Baba?" mwanawe akasema.

Fundi akajua amepatikana. Mashahidi wawili, mmoja ana haraka, mwingine hakuwepo mahali alipozaliwa. Ilibaki sinema.

Lakini sinema haikuwa mkononi. Mwanawe huyo alikuwa anavuta nyaya za intaneti kwenye nyumba za watu. Ni kazi halali, ya ngazi na nyundo, ila mwenyewe hakupenda kuitwa mvuta nyaya. Alijiandika Injinia kwenye simu yake, na mtaa, ambao haumnyimi mtu jina, ukamwachia. Baada ya mazishi alikuja kumchukua baba yake wakaishi pamoja, ghorofa ya tatu. Alisema baba hawezi kukaa peke yake, na hilo lilikuwa kweli. Akasema pia kwamba kule hakuna nafasi ya makorokoro. Makorokoro yalikuwa katoni moja ya sidii, deki, na kigoda. Kigoda kilinusurika kwa sababu fundi alikuwa amekikalia.

Sebuleni kwa Injinia kulikuwa na runinga pana kama mlango wa gereji na nyembamba kama soli iliyolika. Siku ya kwanza aliitambulisha kwa baba yake kama mtu anayemtambulisha mchumba.

"Hii ni echi-dii, Baba. Unaona mpaka vinyweleo."

Fundi akatazama. Msoma habari alikuwa na chunusi kidevuni. Akamwonea huruma.

Injinia akaeleza kwamba sidii ni mambo ya kale. Zinakwaruzika, zinashika vumbi, zinakula kabati. Siku hizi mtu mwenye akili hahifadhi kitu, kila kitu kiko mtandaoni kinamsubiri.

"Na ya mama yako?" fundi akauliza.

"Hata Mama yuko," Injinia akasema, macho kwenye rimoti.

Alisema kama mtu anavyosema karibu tena. Fundi akaichukua kama ahadi. Kwa hiyo mwanya ulipompotea, alimkumbusha mwanawe ahadi yake. Injinia akatafuta wiki ya kwanza, akatafuta ya pili. Wiki ya tano akaja nyumbani anachekelea. Wenye picha wameirudisha, tena si ile ya zamani. Wameisafisha. Wameipaka rangi upya, wameondoa mikwaruzo, imekuwa kama imepigwa jana. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kufaulu kimyakimya, alimwita na mama yake mdogo aje Jumamosi ashuhudie.

Shemeji alikuja na gauni la harusini. Mkamwana, ambaye hakuwahi kuiona picha hiyo, akaleta juisi na viti. Fundi akakaa kwenye kigoda chake, mbele kabisa, magoti karibu yaguse kioo. Hakumwambia mtu anachotafuta. Aliangalia sehemu ya chini ya nyuso zote, akizoeza macho.

Picha ilikuwa safi, hilo hakuna wa kulikana. Jasho la wezi lilionekana tone kwa tone. Bunduki zilionekana wazi kuwa za mbao. Ndevu za afisa wa polisi, ambazo miaka yote walizidhani ndevu, zilionekana ncha moja imebanduka. Shemeji akasema basi walikuwa na haki ya kutumia kamera mbaya.

Kabla ya ukuta picha ikaganda. Kiduara kikaanza kuzunguka juu ya pua ya mwizi kama inzi aliyekosa njia. Injinia akasema ni majirani, wote wanaingia mtandaoni saa hizi. Halafu akasema ni jua. Akamwambia mkewe azime simu, akazima. Akamwomba baba yake asogee, huenda anaziba mawimbi. Fundi akasogea na kigoda. Kiduara hakikusogea.

"Huyu fundi aliyewafungia laini," shemeji akauliza taratibu, "mlimwamini vipi?"

Laini aliifunga Injinia mwenyewe. Akajitia hamnazo.

Ikarudi. Ukuta ule. Mwizi akaruka, suruali ikapasuka, na kwa usafi ule ukaona kila uzi ulivyokatika. Kisha nyuma yake, upande wa kushoto, vikaingia viatu. Likaingia gauni la maua. Likaingia beseni, na mkono umelikumbatia, na mabega. Juu ya mabega ulikuwepo ukingo wa runinga.

Mama Sinema alivuka barabara nzima bila kichwa, bila haraka, akatokea upande wa pili.

Injinia akarudisha nyuma. Mama akavuka tena, vilevile. Mwanawe akarudisha mara ya tatu, kana kwamba safari hii mama angeinama.

"Ndiye huyo?" mkamwana akauliza.

"Ndiye," shemeji akasema. "Mpaka shingoni."

Injinia alibonyeza vyote vilivyobonyezeka. Picha ikawa ndogo, ikawa kubwa, ikawa ya kijani. Kichwa hakikuja, kwa sababu hakikuwa ndani ya runinga, kilibaki kwa waliokata. Ndipo akaeleza, na sauti yake sasa imeshuka ngazi mbili. Runinga za zamani zilikuwa karibu na mraba. Hizi ni pana. Ili picha ienee kioo chote, wenye picha hupunguza kidogo juu au chini. Hapa mwizi alilala chini, na mwizi ndiye mwenye picha, kwa hiyo wakapunguza juu.

"Kidogo," fundi akasema.

"Ndiyo, Baba."

Fundi akafikiri. "Kiatu kikiukataa mguu, fundi hutengeneza kiatu," akasema. "Hawa wamekata mguu."

Hayo yalikuwa maneno mengi kwake. Injinia angenyamaza hapo angepona. Lakini ugonjwa wa waliosoma kidogo ni kutokubali kushindwa.

"Lakini viatu, Baba. Tazama viatu. Ulishawahi kuviona wazi namna hii?"

"Nilivishona mimi."

Ni kweli hakuwahi kuviona namna hii. Kwenye sidii miguu ya mkewe ilikuwa ukungu tu. Sasa aliona kwenye kiatu cha kushoto mshono mwekundu juu ya ngozi nyeusi. Uzi mweusi ulimwishia siku hiyo, akashonea uliokuwepo, akasema atabadilisha kesho. Hakubadilisha. Mwanamke ambaye angeweza kulalamika kuhusu mvua akalalamika na kuhusu jua, alivivaa mpaka kwenye sinema, na hakusema. Fundi aliutazama mshono ule kwa muda. Aliwapa haki yao wenye picha: mshono ulionekana. Lakini hakuja kutafuta kosa lake. Lile alilijua. Alikuja kutafuta mwanya.

Injinia akaandika malalamiko kwa wenye mtandao hapohapo. Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu mezani. Walimshukuru sana, wakasema maoni yake ni ya thamani, wakampendekezea picha nyingine tatu za wezi.

"Sidii yangu iko wapi?" fundi akauliza.

Mume na mke wakatazamana. Yule mume alianza kukohoa, kwa hiyo akasema mke. Alipita mtu wa kubadilisha vyombo. Anachukua vitu vya zamani, anakupa vya plastiki. Yeye hakujua kama ndani ya katoni mlikuwa na kitu. Aliambiwa ni makorokoro. Alisema hayo akitazama sakafu, na mikono inapinda ncha ya kanga.

"Alikupa nini, mwanangu?"

"Vibanio vya nguo, Baba. Dazeni."

Shemeji akasema usiache mbachao, halafu akakatisha, akaona methali nzima itaua mtu.

Fundi alitoka kwenye roshani akavitazama vibanio. Vilikuwa vimeshika soksi za Injinia. Akakijaribu kimoja kwa kidole, akarudi ndani.

"Vinabana," akasema, na hakugusa tena jambo hilo.

Jumatatu hakufungua kibanda. Alikwenda kwa mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Mwenye Kanda, ingawa kanda aliziacha zamani na sidii nazo zikamwacha. Enzi zake alikuwa mfalme. Watu walimpangia mstari Ijumaa, na aliyeazimwa picha mpya alisalimiwa na wakubwa kwa wadogo. Sasa alibadilisha vioo vya simu, kwenye duka lilelile, ila limegawanywa kwa ubao na nusu nyingine anauza mtu mwingine wigi.

Fundi akaeleza anachotaka. Picha ya wezi.

"Zote zilikuwa za wezi, mzee," Mwenye Kanda akasema. "Na zenyewe niliziiba."

Chini ya meza kulikuwa na kreti. Walipekua pamoja, wazee wawili wamepiga magoti kama wanatafuta shilingi. Wakalipata jalada lenye mwizi na bastola ya mbao. Ndani yake mlikuwa na mafunzo ya kuendesha trekta. Mwenye Kanda akakaa chini, akafikiri, akanyanyua kikombe chake cha chai mezani. Chini ya kikombe ilikuwepo sidii, ina duara la chai juu ya duara la chai, kama mti uliokatwa. Akaigeuza, akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho.

"Ndiyo hii," akasema. "Miaka sita nainywea."

Wakaisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje. Mikwaruzo midogo ilitoka. Mmoja mkubwa ulibaki. Mwenye Kanda akasema kwamba huo ni wa maisha. Deki hakuwa nayo, aliuza ya mwisho kwa zahanati. Kule wamefunga runinga ya zamani ukutani, wanawaonyesha wagonjwa somo la kunawa mikono, sidii hiyohiyo tangu mwaka juzi. Alisema hata vijidudu vimeshaikariri.

Zahanati hairuhusu mtu kukaa bila namba, na namba haitolewi bila ugonjwa. Fundi akapanga mstari. Wa dirishani akamuuliza anasumbuliwa na nini.

"Macho."

"Yana nini?"

"Kuna mtu hayamwoni."

Wa dirishani akaandika macho, akampa kadi namba kumi na tisa. Aliyekuwa anaingia alikuwa namba ya tatu. Fundi akakaa kwenye benchi la mbele, chini ya runinga, akamwonyesha sidii muuguzi aliyekuwa anapita. Muuguzi akasema haiwezekani. Hapa si ukumbi wa sinema, na mkubwa wake akiona atamhamisha.

Mkono mtupu haulambwi. Fundi akatazama miguu ya muuguzi. Mtu wa kazi ile huwatazama watu kuanzia chini, na mara nyingi hapati sababu ya kupanda juu. Soli yake ya kulia ilikuwa imefunguka mdomo, inapiga makofi kila akitembea. Fundi akatoa sindano na uzi mfukoni. Hakusema kitu, akanyoosha tu mkono. Muuguzi akautazama ule mkono, akatazama mlango wa mkubwa wake, akavua kiatu. Kisha akapanda kiti na mguu mmoja wa soksi, akatoa mikono iliyokuwa ikinawa tangu mwaka juzi, akaweka wezi.

Wagonjwa walichangamka. Mwenye homa aliuliza ni sehemu ya ngapi. Mwenye mguu uliovimba alijua picha yote, akawa anawasimulia wenzake nani atakufa. Runinga ilikuwa ndogo, karibu na mraba, na sura za watu zilifanana na uji. Jasho halikuonekana. Ndevu za afisa zikarudi kuwa ndevu. Fundi alishona bila kutazama mikono.

Mkamwana akapiga simu, chakula kimepoa, yuko wapi. Fundi akasema, "Zahanati," akakata.

Ukuta ukaja. Mwizi akaruka, akaanguka. Kushoto ikaingia miguu ya ukungu, na gauni, na beseni, na mabega, na juu ya mabega kulikuwa na shingo, na juu ya shingo kulikuwa na kichwa. Kichwa kikageuka. Kikacheka.

Hapo mkwaruzo wa maisha ukafika. Deki ikakwaruza, ikaguna, ikaganda. Nusu ya uso ilivunjika ikawa vimiraba vya kijani. Nusu nyingine ilikaa nzima, mdomo wazi.

Kushoto.

Fundi aliacha kushona. Ulikuwa kushoto, baada ya jino la pili. Bila shaka ni kushoto. Angeapa muda wote alijua.

Wagonjwa walianza kunung'unika. Muuguzi akaja na soksi yake, akanyoosha mkono abonyeze isonge mbele.

"Iache, mwanangu," fundi akasema. "Mpaka namba yangu."

Muuguzi alimwangalia mzee, akaangalia runinga, akarudi kumwangalia mzee. Akashusha mkono. Akaenda kuita namba ya tisa, unyayo mmoja ukilia na mwingine kimya.

"Huyu mama ananitazama mimi," mwenye homa akasema.

"Hapana," fundi akasema.

Injinia aliingia anakimbia, ana mkanda wa vifaa kiunoni na bunda la waya begani, jasho linamtoka kwa usafi wa hali ya juu. Aliposikia zahanati alishuka kwenye ngazi ya mtu na kuacha dari wazi. Akamshika baba yake kichwa, akamshika kifua, akauliza wapi panauma. Fundi akamwonyesha runinga kwa sindano.

Injinia akatazama. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa alisema kile alichokuwa nacho karibu.

"Picha mbovu, Baba. Imejaa vimiraba."

"Ina kichwa."

Injinia akakaa kwenye benchi, waya begani. Muuguzi akaita namba ya kumi na tano, kumi na sita. Mwenye homa akaingia, akatoka na karatasi, akakaa tena kutazama. Kiatu kilikuwa kimekwisha lakini fundi hakukitoa. Injinia alisogea mbele, akainamisha kichwa upande mmoja, halafu upande wa pili. Miaka ishirini na minane mama huyo alimlisha, alimfokea, alimchekea.

"Kumbe Mama alikuwa na mwanya," akasema.

Muuguzi akaita namba kumi na tisa, macho. Akaita tena. Fundi akachukua kadi kutoka mfuko wa shati, akampa mwanawe.

"Nenda," akasema. "Ni wewe."